Mlango Uliobaki Ndani ya Simu Yako

Kwako Baba Salma, uliyenitangulia,

Leo tena nimeinuka bure. Kijiko kilianguka jikoni, na masikio yangu yakaniambia ni kitasa. Nilikuwa nimeshashika birika ndipo nikakumbuka.

Unaujua mlio ule. Ulikuwa ukifika kona ya msikiti, ukiwa bado juu ya pikipiki, unabonyeza simu, na huku nyumbani kitasa kinalia "tik-krrr" kabla hata mvumo wa pikipiki haujafika. Mimi hapo hapo nabandika chai. Hukuwahi kuniambia kwamba ile ni ishara, wala mimi sikukuambia kwamba naitumia hivyo. Ulikuwa ukiingia maji yanaanza kuchemka, unavua kofia na kusema, "Nyumba hii ina majini. Chai inajua kama nakuja."

Siku ulipokileta kitasa kile cha kufunguliwa kwa simu kutoka mpakani sikukipenda. Uling'oa komeo letu la chuma, ukaziba matundu yake kwa sabuni ya mche, ukasimama kuitazama kazi yako kama umejenga nyumba nzima.

"Mama Salma, komeo la nini tena? Mlango huu sasa una akili."

"Akili ya nani?" nikakuuliza.

"Yangu."

"Basi tumekwisha."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Lakini nisiseme uongo, kitasa kile kilinifaa. Unakumbuka siku ya samaki? Nilirudi sokoni na kikapu cha changu, mvua inamwagika, simu yangu nimeisahau ndani. Nikaazima ya jirani nikakupigia Horohoro, kazini kwako. Sikuwa nimemaliza kueleza, mlango ukalia. "Ingia, bibi harusi, usilowe!" ukapaza sauti, na nyuma yako nikasikia madereva wa malori wanaangua kicheko. Mimi niko hapa kwetu Usagara nimeloa, wewe uko Horohoro katikati ya makontena, na mkono wako ukanifungulia nyumba yetu. Siku ile nilikipenda.

Halafu ukaondoka asubuhi moja, ukasema utawahi kurudi, na jioni waliokuja ni watu wa kazini kwako. Walileta kofia yako, saa na simu. Kaka yako Athumani akaichukua simu pale pale ili awapigie jamaa, kwa kuwa majina yote yalikuwa humo. Ndivyo inavyofanywa, hakuna aliyeona ajabu. Simu yenyewe ulishaiondolea namba ya siri kwa sababu ulikuwa ukiisahau kila mara. Watu walipotawanyika baada ya matanga, Kaka Athumani akarudi kwake Muheza, na simu ikarudi naye. Hakuna aliyekumbuka kwamba mlango wetu ulikuwa umo humo.

Mimi nikabaki edani. Binti yetu Salma, ambaye sasa anafundisha shule ya hapa jirani, huja akitoka kazini. Mchana niko peke yangu, na nikiwa peke yangu nakaa kichwa wazi ndani ya nyumba yangu, kama mwanamke yeyote.

Mchana mmoja kitasa kikalia. Baba Salma, Mungu anisamehe, niliinuka nikaenda jikoni. Mkono umeshashika birika, mlango ukafunguka, wakaingia vijana wawili wamebeba kiroba cha machungwa. Nilijitupia kanga kichwani nikiwa nimewapa mgongo. Nao maskini wakaganda pale ukumbini. Wakatua kiroba, wakatoka kinyumenyume.

Nikampigia Kaka Athumani.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, marahaba. Machungwa yamefika?"

"Yamefika, na walioyaleta wamefika mpaka ukumbini."

"Niliwafungulia mimi kutoka huku huku!" akasema kwa furaha. Wewe ndiye uliyemwonyesha kile kidude siku ya Idi, ukijisifu. "Nikaona nisikusumbue kuinuka, nawe uko edani."

"Kwa kuwa niko edani, shemeji, ndiyo yanipasa nijue nani anaingia."

"Aa, wale watoto tu."

"Watoto wana ndevu, shemeji."

Akacheka. Nami nikacheka, kwa adabu, na moyo wangu haukucheka. Nilijua hakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana simu sikuidai.

Siku chache baadaye kitasa kikalia tena. Mara hii nilijifunika kwanza. Nikangoja. Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyepiga hodi, wala viatu barazani. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha paka, upepo unausukuma taratibu. Nilisimama nyuma yake. Nikapiga simu Muheza.

"Mimi? Sijagusa kitu," akasema Kaka Athumani. "Hata simu yenyewe sinayo. Nimempa fundi hapa stendi, tundu la chaji limekufa. Usiwe na wasiwasi, fundi namjua."

"Na fundi anaujua mlango wangu, shemeji?"



Mpaka leo sijui kilikuwa kidole cha nani. Huenda fundi alikuwa akijaribu kioo. Huenda mtu mwingine aliyekaa pale kibandani aliona picha ya kufuli akaibonyeza kwa udadisi. Lakini mtu nisiyemjua, mahali nisipopaona, alifungua nyumba niliyomo, na mimi sikuweza kumwambia karibu wala usiingie.

Salma alipofika alichukua simu yangu ajaribu kukutoa kwenye kitasa. Ikakataa. Wewe ndiye uliyeandikwa mwenye mlango, mimi ni wa kufungua tu. Akatoka akarudi na komeo jipya, akachokonoa sabuni yako kwa bisibisi, akalifunga mwenyewe. Limekaa upande. Ungeliona ungesema limelewa.

Komeo lilizuia watu, halikuzuia mlio. Kila nikikaa nilikuwa natega sikio. Nikiswali natega sikio. Na siku nitakayotoka eda nikaenda sokoni, nani atabaki ndani kulifunga?

"Mama, idai simu," Salma akasema.

"Watasema mjane ameanza kutafuta mali kabla kaburi halijakauka."

"Waseme. Huo si urithi, mama. Ni mlango wako."

Nilimpigia Kaka Athumani. Nilimwambia, "Shemeji, mume wangu amenitoka. Sitaki na nyumba yangu initoke nikiwa ndani." Akasema amesikia, akakata simu, nikadhani nimeharibu udugu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nikasikia sauti barazani. "Hodi!" Nikawa natafuta mtandio. "Hodi, wenyewe!" Kitasa hakikulia. "Hodi jamani!" Alikuwa yeye na mkewe. Simu ilikuwa mfukoni mwa kanzu yake, imetengenezwa, imejaa chaji, na alisimama juani akipiga hodi mara tatu kama mgeni. Nikajifunika, nikavuta komeo lililolewa, nikasema, "Karibuni."

Alimkabidhi mkewe simu, mkewe akanipa mimi. "Shemeji," akasema akitazama chini, "mimi nilidhani nakusaidia." Machozi yalinitoka pale pale, si kwa hasira.

Walipoondoka Salma akaifungua. Humo jina langu umeliandika Bibi Harusi. Hukuniambia. Kidole cha Salma kikasimama juu ya kioo. "Mama, nimtoe baba?"

Nikamwambia angoje. Nikamwomba atoke na simu yako mpaka kona ya msikiti, abonyeze kutoka pale pale ulipokuwa ukibonyeza.

Nikakaa ukumbini. Kitasa kikalia. Nikainuka, nikabandika birika. Salma aliporudi maji yalikuwa yanaanza kuchemka. Alikunywa chai kwa kikombe chako. Kisha akakutoa.

Salma ananiambia barua hii niiweke wazi, isomwe na wengine. Mtu akifa watu huulizana nani ana funguo zake. Hakuna anayeuliza simu yake inafungua nini.

Sasa kitasa kiko kimya na moyo wangu bado haujatulia. Unaona mwenyewe, hata kijiko kinaniinua. Ila anayekuja hunijulisha kwa sauti yake, na mimi ndiye ninayesema karibu. Chai naibandika saa ile ile. Ikichemka kabla hodi haijaja, nakunywa peke yangu.

Lala salama, mwenye mlango.

Mkeo,
Bibi Harusi