Fomu Niliyoisaini Paani

Shangazi mpendwa,

Soma hii kabla hujapokea simu ya bosi. Mimi mzima, ila viatu ulivyonipa vimejaa lami.

Tulifunga antena mbili za mtandao, ambazo lazima zionane bila kizuizi, moja juu ya zahanati, nyingine ng'ambo ya barabara kwenye ghala la dawa. Ya ghalani iko chini mno kwa sababu ngazi yetu ni fupi. Bosi aliupima mtandao dakika mbili tu. Mimi nilibaki paani saa nzima, na kila lori lilipoegeshwa mbele ya ghala, mtandao ulikatika.

Bosi akanipa fomu ya majaribio: "Saini kwamba mtandao umepita, binti, au rudi kwa shangazi yako aliyekuombea kazi."

Unajua nikikaripiwa sauti hunikauka. Basi nikaandika kwa herufi kubwa: HAUJAPITA. Ndipo nikasaini.

Akinifukuza nitakuja, lakini neno hilo silifuti.

Mwanao,
yule mnayemwita Kimya