Chupa Nyekundu Dirishani

Madungu,
Chake Chake, Pemba.
15 Februari 1937

Kaka yangu mpendwa Bakar,

Assalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo kaka? Kifua kinaendeleaje, na hapo bandarini Tanga bado wanakubebesha magunia kama punda? Sisi huku wazima. Mama yetu Bi Siti yuko Gando mzima, meno ndo yale mawili lakini ulimi anao wote. Mke wangu Mwatum mzima. Mwanao Himid uliyeniachia nikae naye mzima pia, kaka. Nnakwambia mapema kabla hujafika chini: mzima, hana hata mkwaruzo. Sasa kaa kitako usome.

Nnakuandikia mbio kwa sababu kuna chombo kinaondoka kesho kuja Tanga, na watu watakaopanda nnaijua midomo yao. Utasikia ati nduguyo Masika kawa mumiani, anawatoa watoto damu. Usicheke. Mie nilicheka mwanzo, na kicheko hicho sasa kinanitokea puani.

Mambo yalianza kwa heri. Unajua sina kazi moja, leo dalali wa mbuzi, kesho nauza sharbati. Basi nikaukumbuka mchezo niliouona Unguja, nilipokuwa nikiokota mipira kwenye klabu ya Wazungu. Watu wazima na masharubu yao wanabingirisha tufe chini, mbele vimesimamishwa vigogo, vikianguka wanapiga kelele kama kazaliwa mtoto. Nikasema huu tuufanye hapa, siku ya pili ya Idi kubwa, vikundi vya watoto vishindane: skauti wa skuli, watoto wa chuo cha Kurani cha Mwalimu Msellem, na vijana wa Kihindi wa madukani. Vigogo hatuna, tutasimamisha chupa zilizotiwa mchanga. Tufe tutafunga matambara na kamba ya usumba wa nazi, lisivunje chupa. Na uwanja ni sakafu ya kuanikia karafuu kule Gombani. Msimu umekwisha, iko tupu, laini kama shavu la bibi harusi. Bwana Kantilal mwenye duka la jirani kaahidi mpira wa ngozi, wa kweli, kwa kikundi kitakachoshinda. Na mie na sharbati yangu pembeni, sikufichi.

Nikazunguka mitaani na vijijini mpaka Gando, nnaomba chupa tupu, na nnaandika majina ya watoto na umri wao, wakubwa wasije wakapangwa na wadogo. Hebu lifikiri hilo kaka, maana mie sikulifikiri. Mtu anabisha mlangoni kwako, anataka chupa tupu na jina la mwanao.

Na mdomo wangu unaujua. Kule Gando mama mmoja kanitolea mwanawe, mnene mashaallah, mashavu yanataka kupasuka. Nikamwambia, "Huyu ndiye nnayemtaka hasa! Wembamba wapelekeni kwengine!" Hakucheka. Kamshika mwanawe mkono, karudi ndani, nikasikia komeo.

Tena nikaona chupa za mchanga hazina sura ya sikukuu. Nikachukua rangi ya ukili ya Mwatum, ile nyekundu anayotilia mikeka, nikaikoroga na maji, nikajaza chupa kadhaa na kuzipanga dirishani nione zinavyong'ara. Zikang'ara, kaka. Mtaa mzima ukaziona.

Kutoka hapo salamu zikawa fupi. Nikipita, watoto wanaingizwa ndani. Nikikaa barazani, baraza linakuwa langu peke yangu. Na bado nnafanya mzaha, nnawauliza kwani nnanuka? Mpaka Jumamosi.

Jumamosi adhuhuri watoto wametoka chuoni, Himid hayumo. Nikangoja. Wali ukapoa. Nikenda mtoni wanakooga, nikapita mikarafuuni nnaita jina lake mpaka sauti ikakauka. Kila niliyemuuliza ananitazama mikono kwanza, uso baadaye. Wallahi kaka, hapana mtu Chake nzima aliyeogopa siku ile kama mie, na hapana hata mmoja aliyeniamini. Mumiani kaonekana na chupa, sasa mtoto wa nyumbani kwake kapotea. Ungekuwa weye ungesemaje?

Narudi, nawakuta watu wamejaa mlangoni kwangu. Mbele yuko Kificho, yule mchukuzi tunayecheza naye bao kila Ijumaa, kashika mpini wa jembe.

"Masika, mtoto yuko wapi?"

"Ndiye nnayemtafuta, jamani. Nisaidieni."

"Unamtafuta au ushamaliza naye? Na zile dirishani nini?"

"Rangi ya ukili. Muulizeni Mwatum."

"Mke atamsema mumewe?"

Nyuma sauti ya mwanamke ikasema, "Kama rangi, si ainywe!"

"Ainywe! Ainywe!"

Nikanywa. Chupa nzima, chungu kama shubiri, na kwa haraka nyengine ikamwagikia kanzuni. Nikaishusha. Midomo myekundu, meno mekundu, kanzu nyekundu kifuani. Kisha Kificho kasema taratibu, "Mnaona? Kazoea."

Bi Kamlaben, mke wa Kantilal, kapiga kelele kutoka dukani, "Mwacheni! Rangi hiyo nimemuuzia mkewe kwa mkono wangu!" Mtu kamjibu, "Na weye Bi Kamla ingia ndani, chupa zako tutakuja kuzitazama." Kaingia, kafunga mlango. Simlaumu. Ningekuwa na mlango wa kufunga ningeufunga na mie, lakini wangu wao ndio walikuwa wamesimama mbele yake. Nikakaa chini vumbini, nnasoma shahada moyoni.

Ndipo Mwalimu Msellem katokea, kamshika Himid mkono. Unajua kampata wapi? Msikitini, katika kile chumba kinachowekwa jeneza. Kajilaza chini ya jeneza, kajifunika jamvi. Himid huyu huyu, asiyepita mbele ya chumba kile ila kwa mbio na macho kayafumba! Wenzake wamemwambia kwamba mumiani huanza na mtoto wa nyumbani kwake. Na mie asubuhi ile, kwa furaha zangu, nilimwambia, "Himid, nshakuandika weye wa kwanza!" Nikikusudia atafungua mchezo. Basi mtoto kaona bora jeneza kuliko mie.

Mwalimu kamuuliza mbele ya watu, "Huyu nani?"

"Ami Masika."

"Kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Haya, nenda kwa ami yako."

Hakwenda. Kazunguka nyuma ya kanzu ya Mwalimu, anachungulia midomo yangu.

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Hapana aliyeniomba radhi. Kificho kenda na mpini wake begani, kila hatua anageuka.

Himid sasa analala kwa Mwalimu. Chakula akipeleka Mwatum anakula. Nikipeleka mie, sahani inarudi kama ilivyokwenda. Unakumbuka nikimgeuzia macho alivyokuwa akicheka mpaka anakaa chini? Jana nimemgeuzia macho kwa mbali. Kalia. Kwa hivyo nimeacha.

Tumbo langu zima, usiogope rangi. Usingizi ndo sina. Ukuni ukianguka jikoni nnasimama.

Mashindano nilitaka kuyafuta. Kantilal kanambia, "Ukiyafuta umekiri." Kweli. Mwatum anataka chupa zote zikazamishwe baharini, na yeye pia ana haki. Zile nyekundu nimezimwaga, nimezisuuza, zina mchanga mtupu sasa. Nimejaribu kuzirudisha kwa wenyewe, hapana anayetaka yake, hata iliyokuwa na siki. Nnachokiogopa zaidi ni kidole. Watoto wanacheza miguu mitupu, kaka. Ajikwae mmoja tu pale, damu idondoke kwenye sakafu ile nyeupe, nani atamngoja Mwalimu afike?

Mwalimu kamuuliza Himid kama atacheza. Himid kafikiri, kajibu, "Nitacheza, ami akiwa hayupo." Watoto wa chuo wote wamesema kama Himid akenda, na wao watakwenda. Basi tumekubaliana. Mwalimu atapanga chupa na kuita majina, Kantilal atatoa mpira, na mie Gombani sitii mguu. Hata sharbati nimempa Mwatum akauze.

Kuhusu Himid, weye ndiye baba yake, amri ni yako. Ukisema aje Tanga, Mwalimu atamleta, maana chombo kimoja na mie hatakubali kupanda. Ukisema abaki, nitakushukuru mpaka kaburini. Lakini mwandikie, hata mistari miwili, mwambie ami yake ni mtu. Kwako atasadiki.

Siku ya mchezo nitakaa barazani kwangu, mlango wazi, mikono juu ya magoti, kila apitaye anione niko wapi. Aliyeshinda sitamjua mpaka watoto warudi na mpira wao. Njia zao za kurudi ni mbili, moja inapita mbele ya nyumba yangu na moja nyuma ya msikiti. Nnaomba wapite ya mbele, kaka. Hata wakipita mbio.

Nisalimie shangazi Khairiya na wanawe wote, na jirani yenu fundi Premji kama bado anatukumbuka. Mama anakuombea kila baada ya sala. Mwatum anakuamkia. Mungu akupe nafuu ya kifua, akuepushe na mizigo mizito na maneno ya watu, na Idi hii atuvushe sote salama.

Ndimi nduguyo nikupendaye siku zote,

Masika