Nguzo Nane za Nyamitaba

Jumatatu, 1 Juni 1953
Hesabu asubuhi, kushona mchana. Vidole vinauma. Padri ameniazima tena picha ya ule mji wa kale wa kusini mwa Uarabuni: ngome ya mawe, mchanga, na nguzo nane za hekalu zisizo na paa. Waliabudu mwezi huko. Wengine husema ndiko alikotoka Malkia wa Sheba. Tarehe 14 wasichana wangu wa shule wataigiza habari zake mbele ya wazazi. Lazima wazazi wafurahi. Papa Ndoole, mwenye ng'ombe, anataka kumtoa Anjela shuleni maharagwe yakishavunwa. Mwanafunzi wangu bora! Nina hasira.

Jumatano, 3 Juni
Tunajenga mji wa mchezo uwanjani. Ukuta wa matete. Nguzo nane za migomba. Anjela ndiye malkia.

Jumanne, 9 Juni
Nimepata udongo mweupe bondeni. Tumepaka ngome yote na nguzo zote. Anjela akasema ng'ombe wa baba yake wanaupenda sana udongo huo. Nikamwambia apake, aache hadithi. Mji unang'aa. Nimeringa mpaka jioni.

Jumamosi, 13 Juni
Kwisha. Ng'ombe wa Papa Ndoole wamepita uwanjani asubuhi. Wamelamba ukuta mpaka ukaanguka, kisha wakala nguzo. Udongo ule una chumvi, kila mtu hapa Nyamitaba anajua. Mimi nimekulia Nyabiondo, kwenye maharagwe na mihogo. Ya ng'ombe nitayajulia wapi? Lakini Anjela alinionya. Kichwa changu kigumu. Nimelia, kisha nikamwomba msamaha mbele ya darasa zima.

Jumapili, 14 Juni
Siwezi kukaa kitako kwa furaha. Baada ya misa alikuja Papa Ndoole na wanaume saba, wamejifunga mashuka meupe.
“Mama Mwalimu, bang'ombe yangu njo ilikula muji yenu. Sasa sisi bapapa njo tutakuwa nguzo.”
Wakasimama mchezo mzima, wima, hata inzi hawakufukuza. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. Malkia akapita katikati yao. Alipofika kwa baba yake akasimama, akamrekebishia shuka begani. Hilo sikumfundisha. Nguzo ikatokwa na machozi.

Jumanne, 30 Juni
Ukungu. Maharagwe yamevunwa. Nimeita majina, na kwa jina la Anjela nikainua macho. Akaitika. Amekuja na kikapu cha maharagwe mapya kutoka kwa baba yake, na ujumbe: mwaka ujao niulize kwanza habari za udongo. Nikaita jina lililofuata.