Skana Mpya na Baba Mkwe Aliyeacha Kuja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila kwanza uniruhusu nifurahi kidogo, maana hapa kwetu Olasiti tumenunua skana mpya ya nyumbani na sijawahi kuona kitu chepesi namna hii, ile ya zamani ulikuwa unaiwasha, unaenda kuchambua mboga, unarudi bado inanguruma, lakini hii unabonyeza tu, taa inakuwa ya kijani, unaweka karatasi, na kabla hujakaa vizuri kwenye kiti imeshaingia kwenye simu, safi, hadi mikunjo inaonekana. Nimeshaskani vyeti vya watoto, kadi za kliniki, hata risiti ambazo hakuna atakayeziulizia, na mume wangu Gadiel ananicheka, anasema nitaskani na chapati.

Sasa shida ni baba mkwe, mzee Yiamat, ambaye tangu mama mkwe afariki amekuwa akija kila Jumamosi kutoka Ngaramtoni na picha moja ya zamani, ameifunga kwenye leso, anataka iwekwe kwenye simu isipotee, basi ile mashine ya zamani ikijivuta yeye anakunywa chai, anatusimulia nani ni nani kwenye picha, watoto wamemzunguka, mpaka jua linapungua makali. Siku ya kwanza ya hii mpya nilitaka aone maajabu, nikamwamkia huku naipokea picha mlangoni, chai ikiwa bado jikoni nikamrudishia, nikamwambia, "Baba, tayari. Safari ijayo lete zote kwa mkupuo tumalize, usisumbuke tena kupanda gari." Akasema, "Haya, mwanangu, asante," akaondoka, na tangu hapo hajaja, simu anapokea lakini anasema ana kazi shambani. Nahisi anaogopa mwanga wa mashine utafuta picha zake. Nimwelezeje aelewe kwamba haziharibiki, arudi? Watoto wanamuulizia na moyo unaniuma.

Silantoi, Olasiti

Silantoi mwanangu, hongera kwa skana, nimefurahi pamoja nawe. Lakini umeteleza, tena vibaya.

Mzee haogopi mwanga. Mtu mwenye picha za maisha mazima sandukuni, kwa nini alete moja moja? Angetaka kumaliza, angezibeba zote siku ya kwanza. Mzee aliyefiwa na mke, mwenye heshima zake, hawezi kumwambia mkwe, "Nyumba yangu imekuwa kimya, naomba nikae kwenu." Alibeba picha ili awe na sababu, nawe ukaimaliza sababu yake akiwa hata hajavua koti, kisha ukamwambia asisumbuke tena. Wewe ulikuwa unazungumzia gari, yeye alisikia mengine.

Kwa hiyo habari za mwanga ziache kabisa. Ukianza kumfundisha jinsi skana inavyofanya kazi utamwaibisha, maana itabidi ajifanye kweli alikuwa anaogopa. Wala usimtume Gadiel akakusafishie njia, aliyesema ni wewe. Jumamosi hii chukua watoto mwende Ngaramtoni asubuhi, skana ibaki nyumbani. Ingia jikoni kwake, pika loshoro, yale makande ya maziwa mgando, mkae mpaka aishiwe maneno. Hotuba ya kuomba msamaha haihitajiki, akikuona umeshika mwiko ataelewa. Na akikuuliza umefuata nini, usitafute kisingizio. Mwambie umemfuata yeye.