Kesho Mwanasesere Ni Mimi

Kwako Dada mpenzi,

Nisamehe kwa ukimya wangu. Kila nikishika kalamu naitwa, na nikirudi kitandani usingizi unanibeba na viatu mguuni. Hujambo? Shemeji mgongo wake umepoa? Na mwanangu niliyekuachia, bado anang'ata watu? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo iko juu juu.

Mafunzo ya uofisa sasa ni kwenye meli yenyewe ya doria. Usukani nauweza, ramani naisoma. Kinachonitesa ni zoezi la mtu kuanguka majini. Wanarusha mwanasesere mkubwa wa turubai, kavishwa jaketi la kuokolea. Anayemwona kwanza hupiga kelele, kisha humnyooshea kidole na haruhusiwi kumwondolea macho, hata nahodha amwite, mpaka meli igeuke na kumfikia. Mkufunzi wetu, tunayemwita Pilipili kwa ukali wake, husema kichwa cha mtu baharini si kikubwa kuliko nazi, ukizubaa umempoteza.

Juzi kidole kilikuwa changu, nikampoteza. Tulizunguka wee, hatukumwona tena. Pilipili hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza tu, taratibu, kama yule angekuwa mtoto wa mtu ningemwambia nini mama yake.

Wenzangu nimewaambia jua lilinipiga machoni. Wewe sikufichi, Dada. Wimbi lilimgeuza chali, mikono juu, vile vile mwanangu anavyojiachia kwenye beseni ukimwogesha. Nikafumba macho. Kufumbua, maji matupu.

Na desturi ya meli hii, aliyempoteza mwanasesere huchukua nafasi yake. Kesho naruka mimi. Meli itaniacha iende mbali kabla ya kugeuka, na kidole ni cha mwenzetu tunayemwita Gogo, kwa kuwa husinzia hata akiwa amesimama. Kaniapia atakunywa kahawa mpaka nywele zimsimame. Nilicheka, lakini nimempa na kahawa yangu. Nikikataa kuruka, nafunga sanduku narudi nyumbani. Sikatai.

Mtoto akiniulizia, usimdanganye kwamba nimekwenda sokoni. Mwambie mama anajifunza kutofumba macho. Wasalimie wote hapo, na wewe ujipumzishe.

Vitu hivi nitavihitaji mwisho wa mwezi, maana nitakuwepo: soksi nzito za sufu, sabuni ya mche, dawa ya kichefuchefu, na ile shuka ndogo anayolalia mwanangu. Usiifue.

Mdogo wako.