Mume Wangu Amefunga Breki Kama Anashona Shati

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nina raha na hofu kwa pamoja, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi.

Mume wangu ni fundi cherehani, mpole, wateja wanampenda, lakini kaka zangu hawaishi kumtania kwamba mwanamume wa sindano hata tairi hawezi kubadilisha, naye hucheka nao ila mimi ninayeishi naye najua inamuuma, sasa juzi pedi za breki za nyuma za gari letu zikaisha, akasema safari hii haendi mtu gereji, akapandisha gari kwenye jeki hapo uani, akashinda chini yake akatoka na grisi hadi masikioni, na mshauri, sijamwona na furaha ile tangu alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza.

Kesho yake nikaenda na gari kazini, tangu natoka uani naye akisikia, kila nikikanyaga breki gurudumu la nyuma kushoto linakwaruza kama mtu anasugua sufuria iliyoungua, nikaogopa, nikapitia gereji, fundi akafungua tairi, akachungulia, akaniuliza, "Dada, aliyefunga hizi mmegombana?" Kumbe pedi zote mbili za upande ule zimefungwa kinyume, bati la mgongoni ndilo linasugua diski, na upande wa kushikia diski umetazama nje, akasema siku ningekanyaga kwa nguvu gari lingeyumba, akazigeuza, akalainisha diski ilipochubuka, nami nikarudi nyumbani kimya kama sijapita popote.

Jioni nikamchokoza, "Baba watoto, ulijuaje upande upi ukae ndani?" Akajibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Kulia niliangalia za zamani zilivyokaa. Kushoto nilikuwa nimeshazitoa, nikatumia akili. Pedi ina maandishi mgongoni, na lebo hukaa ndani. Umewahi kuona shati lebo iko nje?" Nikacheka hadi machozi, akadhani nimemsifu, akaongeza, "Si unaona ile kelele imekwisha? Zilikuwa zinazoeana tu."

Sasa mtaa mzima unamwita Fundi Mbili, yaani wa nguo na wa magari, kaka zangu wamenyamaza, nyumba yetu ina amani tele, na yeye amemwambia dada yake alete gari Jumamosi ambadilishie breki za nyuma, na wifi yangu huyo ndiye anayepeleka mapacha wake shule kila asubuhi. Nikisema, namrudisha kwenye sindano. Nikinyamaza, siwezi kulala. Nimefikiria nimwombe wifi apitie gereji akitoka kwetu, bila kumwambia sababu. Nifanyeje?

Mke wa Fundi Mbili

*

Mke wa Fundi Mbili,

Kwanza hongera. Nusu ya barua zinazonifikia zinahusu wanaume wasioinua hata kikombe walichonywea, na wako analala chini ya gari. Hiyo ya lebo nimeicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kulikoni.

Nimemaliza kucheka, sasa nisikilize. Kupita gereji ulifanya vizuri. Kurudi kimya ulikosea. Wewe ndiye uliyeiondoa ile kelele, yeye anaamini imeondoka yenyewe, na kwa imani hiyo anakwenda kufunga breki za gari la watu. Na huo mpango wa kumpitisha wifi yako gereji kimyakimya, uache leo. Baada ya wifi atakuja jirani, baada ya jirani mtaa wote. Utazunguka nyuma ya mumeo ukifumua anachoshona mpaka lini?

Unasema unalinda furaha yake. Mimi naona unaogopa kumwangalia usoni kwa dakika mbili. Mama, huyo ni fundi cherehani! Suruali ngapi amerudishiwa kwa sababu zimebana? Alilia? Alizifumua, akazishona upya, mteja akaondoka amependeza. Kukosea na kurekebisha ndiyo kazi yake ya kila siku, wewe ndiye hujazoea.

Basi mwambie leo hii, mkiwa wawili, watoto wakiwa nje. Usianze na "usikasirike", maana hapo ndipo mtu anapokasirika. Mwambie ulisikia mkwaruzo, uliogopa, ulipita gereji, zilikuwa kinyume. Usicheke kabla yake. Kisha pandisheni gari lenu kwenye jeki, afungue lile gurudumu kwa mikono yake, aone pedi zilivyokaa sasa na ile mikwaruzo iliyobaki kwenye bati. Jumamosi mwiteni yule fundi wa gereji. Mumeo afunge, fundi akague kila gurudumu, gari lijaribiwe taratibu halina mtoto ndani. Fundi asipotokea, gari la wifi lisiguswe. Na kaka zako wasisikie neno kutoka kwako. Akitaka kuwasimulia, atawasimulia mwenyewe, na hiyo ya lebo ataisimulia vizuri kuliko wewe.

Atanuna? Huenda. Mwekee chai, mwache anune, mume aliyenuna unaweza kumbembeleza. Wale mapacha wakipata ajali, utambembeleza nani, na kwa maneno gani?

Amekupa nyumba yenye amani, nawe umpe ukweli. Weka gazeti chini, nenda kamwambie. Kurasa zilizobaki utazisoma baadaye.