Paa la Wino Mwekundu

Jumanne, 4 Februari

Karatasi tatu za sola leo. Mbili zimekufa. Vumbi tena. Nimepulizia vizuri wino unaogeuza jua kuwa umeme, rangi ikalala sawasawa. Nilipoinua karatasi kwenye taa nikaona vitundu. Punje moja tu ya vumbi ikitua kabla wino haujakauka, inaacha kitundu, umeme unapotelea hapo, na karatasi nzima inabaki plastiki ya bure. Tumeziba mlango wa karakana kwa matambara. Tumemwagia sakafu maji. Lanet mwezi wa pili huwezi kushindana na vumbi.

Kiprono anasema nipumzike. Huyu mwenzangu ana utulivu wa ng'ombe aliyeshiba. Anakaa kando ya kompresa akingoja zamu yake, kupulizia nyuzi za fedha juu ya wino wangu, na kungoja hakumsumbui hata kidogo. Mimi siwezi. Nimefagia mara nne. Nimegombana na mwenye nyumba kuhusu kuku wake, ambao hawajanikosea lolote.

Wageni wa mradi unaotufadhili wanakuja Ijumaa ya tarehe 21 kuona paa letu kwenye grinhausi ya Baba, nyumba yake ya plastiki ya nyanya. Wakiridhika, tutafunika za wakulima wengine huko Dundori. Wasiporidhika, tunafunga karakana. Sijalala vizuri tangu Krismasi.

Jumamosi, 8 Februari

Dundori. Baridi, mawingu, halafu jua kali ghafla. Tumefunga karatasi nne. Paa karibu lote limefunikwa sasa, na ukuta wa upande wa jua. Nusu ya mwanga inapita kwenda kwa nyanya, nusu nyingine inakuwa umeme wa pampu. Nimeunganisha waya, nikatazama mita, pampu ikakohoa mara mbili ikavuta maji. Nilipiga kelele. Baba alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Mwanga wa ndani ni mwekundu, kama maji yaliyochemshiwa bitiruti. Ukiingia unashtuka kidogo. Baada ya muda jicho linazoea na unasahau kabisa.

Baba yuko na furaha. Anamwambia kila anayepita kwamba paa ni la binti yake. Ananiita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nina jina la mamake. Mbele ya Kiprono pia. Nilijifanya naona haya, lakini sikuona.

Amechuma kreti tano leo. Hakuna mtu huku anayechuma kama yeye. Nyanya anaikata siku ile inapoanza kuona haya shavuni, si kabla, si baada. Anapanga mle mle ndani, anafunika kwa majani, anamaliza. Mwaura, broka wake, huchukua kreti bila hata kufunua. Miaka yote hiyo, hajawahi kufunua.

Jumatano, 12 Februari

Mwaura amenipigia simu nikiwa na maski usoni. "Madam, mzee wako alituma nani kuchuma? Nimerudishiwa kreti zote. Ni green tupu."

Nikamwambia aongee na Baba. Nilikuwa na wino kwenye bomba la kupulizia na wino haungoji mtu. Kisha nikaharibu karatasi hiyo pia. Nimekasirika na Mwaura siku nzima kana kwamba yeye ndiye vumbi.

Jumamosi, 15 Februari

Siku mbaya.

Mwaura alifika asubuhi, na safari hii alifunua. Pale langoni, mbele ya majirani waliokuja na maziwa. Kijani. Kreti ya kwanza, ya pili, zote. "Mzee, hii ni nyanya ama ni avokado? Mimi nitauzia nani hii?" Hakusema kwa dharau. Ingekuwa dharau ningemjibu. Alisema akiwa amechanganyikiwa, kwa sababu naye anampenda mzee.

Baba alichukua nyanya moja. Akaigeuza. Akaitazama sana. Kisha akairudisha kwenye kreti polepole na kumwambia Mwaura aende salama.

Mchana alinikuta nikifunga waya. Akasema, "Maitu, hii macho yangu imekwisha."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Cucu, mama yake, alianza hivyo hivyo, akasema. Alikuwa mchumaji wa pareto wa kusifiwa, kisha siku moja akarudi na kikapu cha maua ambayo hayajafunguka, akiapa kwamba yamefunguka. Watu wakamcheka. Baada ya hapo macho yake yakaenda yote. Nilizaliwa nikamkuta akishika ukuta akitembea. Baba ndiye aliyekuwa akimwongoza kanisani.

Nikamwambia nitampeleka kwa daktari wa macho mjini. "Niende niambiwe nini? Mimi nilikaa na mama yangu." Ameshaongea na Baba Ken, jirani wa ng'ambo ya barabara. Grinhausi atamwachia. Yeye atabaki na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe unaweza kumkamua hata huoni.

Naogopa. Nimelibeba jina la Cucu, sasa nafikiria kama nimebeba na macho yake. Nimefumba jicho moja, kisha la pili, njia nzima hadi Lanet. Upumbavu.

Jumatatu, 17 Februari

Najua ni nini.

Nilipanda Dundori peke yangu kufunga karatasi mbili za mwisho. Baba alikuwa amepeleka maziwa. Nilimaliza, nikasikia njaa, nikachuma nyanya. Nilichagua iliyoiva, yenye wekundu mzuri shavuni. Nikatoka nje nikiifuta kwa aproni, nikaipeleka mdomoni. Ilikuwa kijani.

Nikarudi ndani. Nyekundu shavuni. Nikatoka. Kijani. Nimefanya hivyo na nyanya nyingine, na nyingine tena, hadi mifuko ya aproni ikajaa. Aproni yenyewe ni nyeupe, na ndani ya grinhausi ilikuwa ya waridi, na sikuwa nimeona. Wiki zote hizi sikuona. Nilikuwa naangalia mita.

Ni wino. Wino wangu unakula kijani na kupitisha wekundu. Chini yake kila nyanya iliyopauka inaonekana imeanza kuiva. Jicho likishazoea haliwezi kugundua. Baba ana macho mazima kabisa. Paa ndilo linalomdanganya. Mimi ndiye ninayemdanganya.

Ningemngoja. Sikumngoja. Nimeshuka kabla hajarudi.

Nikimwambia atataka paa litolewe leo leo, na wageni ni Ijumaa. Nitamwambia Ijumaa jioni. Siku chache tu. Naandika hivi na mkono unataka kurusha kalamu.

Jumanne, 18 Februari

Sijasema. Nimesafisha bomba, bamba la moto la kukaushia wino, kuta. Hakuna cha kusafisha tena.

Jumatano, 19 Februari

Nimemwambia Kiprono. Akaniambia: "Si ungoje tu Friday ipite? Siku mbili, mzee hataenda popote."

Ndiyo maneno yangu mwenyewe. Yakitoka kwa mdomo wake yalinuka. Nimemtukana. Ameniangalia, akazima kompresa, akaenda kula. Ana haki ya kukasirika. Karakana ni yake pia.

Usiku nimempigia Baba nikiwa na nia ya kusema. Tukaongea kuhusu ndama. Ndama ana afya nzuri.

Alhamisi, 20 Februari

Imesemwa.

Baba alipiga simu asubuhi. Alitaka tu nijue kwamba Baba Ken anakuja leo kuonyeshwa grinhausi, ili nikija na wageni nisishangae kumkuta. Sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza amehamisha jembe. Nikaacha wino ukikauka ndani ya bomba. Nikaondoka na aproni.

Niliwakuta ndani. Baba alikuwa mbele, Baba Ken nyuma yake, na Baba alikuwa anamfundisha. Hii mstari inapenda maji kidogo. Hii ukikata jani, kata la chini. Alikuwa anagusa kila mmea akipita. Baba Ken ni mtu mzuri, alikuwa ameshika kofia mkononi kama yuko matangani.

Nikasema yote palepale. Macho yako ni mazima, Baba. Ni paa. Ni rangi ya paa langu.

Alichuma nyanya, akatoka nayo hadi juani. Akasimama. Akarudi ndani. Akatoka tena. Baba Ken aliaga, hakuna aliyemsikia.

Nilitegemea atafurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha yake, hata machozi. Aliporudi mara ya tatu aliuliza, "Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Na leo ni Alhamisi."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nimekaa hizi siku nikijifundisha kutembea hii boma nikiwa nimefunga macho." Kuanzia mlango wa jikoni hadi kwa ng'ombe, kutoka kwa ng'ombe hadi tangini. Ana kidonda gotini. Nilikuwa sijakiona.

Akaenda kulisha ng'ombe. Sikumfuata. Sijawahi kujisikia mdogo namna hii.

Ijumaa, 21 Februari

Wageni walikuja, watu watatu. Pampu ilivuta maji vizuri sana. Walipiga picha. Kisha nikawapa kila mmoja nyanya ya kuchagua mwenyewe, iliyoanza kuiva. Wakachagua. Nikawaambia watoke nje.

Zikawa kijani. Mmoja akacheka, halafu akaacha.

Wameuliza kama upo wino wa kijivu, usiobadilisha rangi. Upo. Hatujawahi kuupulizia. Wamesema tusifunike grinhausi nyingine hata moja mpaka tuwe nao, na kuhusu karakana watatuambia. Wakisema hivyo kwa upole ni vibaya. Kiprono alinisaidia kubeba vifaa. Barabarani akasema, "Ungemwambia mzee Jumatatu, leo tungekuwa pale pale tu." Yuko sawa, na hiyo ndiyo inaniuma.

Baba hakutoka nyumbani. Alimtuma Kiprono kwangu: hizo karatasi zitolewe.

Jumanne, 25 Februari

Tumetoa zote. Nilidhani nitalia, lakini nilitaka tu ziishe. Mwanga mweupe uliingia na majani yakaonekana kijani hadi nikashtuka. Baba alituletea chai. Akaweka vikombe juu ya kreti, akarudi.

Jumamosi, 1 Machi

Nimepanda Dundori peke yangu. Hakuna kazi ya kufanya huko, nimeenda tu. Mvua haijaja.

Baba alikuwa anachuma. Nikakaa juu ya ndoo karibu na mlango nikamtazama. Ameingia mstari wa kwanza, akainama, akashika nyanya. Paa juu yake ni plastiki ya kawaida, mwanga ni wa kawaida, nyanya ilikuwa imeanza kuiva, mtoto angeona. Aliigeuza. Akaisogeza karibu na uso. Kisha akaibeba hadi mlangoni, akatoka hatua moja nje, akaitazama juani. Akarudi kuiweka kwenye kreti. Akaenda kuchukua nyingine. Akaja nayo mlangoni.

Kila moja. Kreti ambayo angeijaza kabla ya chai kupoa imechukua asubuhi nzima.

Nilitaka kumwambia hakuna haja tena. Si mimi wa kumwambia hivyo.

Baadaye kidogo alipofika mlangoni alisimama mbele yangu, nyanya mkononi. "Hii?"

"Imeanza, Baba."

"Najua," akasema. Lakini alingoja hadi nikaitikia kwa kichwa ndipo akarudi nayo ndani.